Rungu la Mabawa Sita

Tupa yangu kubwa ilikuwa mahali pake, kwenye msumari wa tatu, lakini meno yake yalijaa unga mweusi. Mimi hutengeneza baiskeli za watu wa toleka, wale wanaobeba abiria nyuma kwenye kibao chenye mto. Chuma cha baiskeli ni laini. Unga wake ni wa kijivu, na ukiigonga tupa mezani unadondoka. Huu haukudondoka. Mtu alikuwa ameichukua tupa, akasugua chuma kigumu, pengine cha springi ya lori, kisha akairudisha na kuitundika vizuri sana, upande wake wa mviringo ukitazama ukuta. Mimi huitundika mviringo ukinitazama.

Nimelea wadogo wawili tangu nikiwa mwaka wa tatu wa sekondari, baba alipokufa na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Katika kazi hiyo nimejifunza kwamba ukiuliza mapema unampa mtu nafasi ya kutengeneza uongo ulio bora zaidi. Nikaanza kutazama. Siku ya nne bomba moja la kiti, lile refu nililolitoa kwenye baiskeli ya Kichina, halikuwepo tena kwenye sanduku la vyuma vizee. Hakuna anayeingia karakana yangu ila mimi na mdogo wangu wa mwisho, mwanafunzi wa chuo, ambaye asubuhi hupitia pale kujaza upepo.

Jumamosi aliniita yaya, yaani kaka mkubwa, kama siku zote: "Yaya, naenda Masako na wenzangu wa fakilte, wale wa chuo."

"Kufanya nini?"

"Recherche. Utafiti."

Nilimtazama akipotea kwenye njia ya Buta ya zamani. Msitu wa Masako naujua, nimebeba wanafunzi wengi kule wakati nikiendesha toleka mwenyewe. Wanaokwenda kule ni wale wanaokamata panya na kuwafunga kijikaratasi mguuni, au wanaopima miti kwa kamba. Mdogo wangu alikuwa anasoma sheria. Droit. Mimi ndiye niliyemchagulia, baada ya baba zetu wadogo kuja na makaratasi yao wakisema nyumba ni ya ukoo. Nilikesha na makaratasi yale nikiyasoma kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe, na nikaapa kwamba siku moja nyumbani kwetu atakuwepo mtu anayejua kusoma karatasi za watu. Nyumba haikuchukuliwa. Lakini mtu wa droit anatafuta nini kwa panya?

Dada yetu wa katikati huuza samaki wa moshi sokoni. Nilipomwambia, alicheka bila kuinua macho kutoka kwenye kikapu.

"Yaya, wewe ungezaliwa polisi. Mwache mutoto."

Alicheka haraka mno. Hilo nalo nikaliweka akilini.

Jumatatu, alipokuwa chuoni, niliingia chumbani kwake. Chini ya kitanda, nyuma ya viatu, palikuwa na gunia, na ndani ya gunia kitu kimeviringishwa kwenye shati lake jeupe la shule. Nilikishika kupitia kitambaa na mkono wangu ukajua kabla ya macho. Bomba langu lilikuwa limekuwa mpini, urefu wa mkono kuanzia bega hadi kiganja. Kwenye ncha palichomelewa vipande sita vya springi ya lori, kila kimoja kimekatwa kama bawa la ndege na kunolewa kidogo pembeni, vyote vikizunguka bomba kama petali. Kazi ya kuchomelea ilikuwa ya mtu anayejua moto. Kazi ya tupa ilikuwa ya mtu mwenye subira, na subira hiyo ndiyo iliyonitisha. Kijana anayetaka kutishia watu kwa hasira huokota nondo yoyote njiani. Huyu alikuwa amekaa siku nyingi akilainisha.

Ndani ya shati palikuwa na karatasi mbili za mwandiko wake, Kifaransa. Nilisoma polepole nikiwa nimepiga magoti. Juu aliandika kwamba kazi ya kitu hiki ni kuvunja bila kukata. Chini, mistari yenye namba: kichwa cha mviringo, kwa bega na mkono, kichwa chenye mabawa, kwa kofia ya chuma, kichwa chenye miiba, kichwa cha mnyororo. Pembeni mwa mstari wa pili aliweka alama ya nyota na neno moja: *hiki*.

Mimi ni mtu wa Kisangani. Nilikuwa mtoto majeshi ya watu wengine yalipopigana katikati ya mji wetu, na sisi tukalala siku nzima chini ya kitanda, mama akiwa juu yetu. Hapa kwetu chuma kilichofichwa chini ya kitanda hakisubiri maelezo. Zaidi ya hayo, miezi ile mitaani walitembea vijana wa makundi wenye nondo, na niliwahi kumwona mmoja wao akisalimiana na mdogo wangu kwa ngumi. Kofia ya chuma, kwangu mimi, ilikuwa ya askari.

Ningeweza kumngoja nimuulize. Ningeweza kukitupa mtoni Tshopo. Nilifanya kile ambacho mkono wangu umezoea: nilikipeleka karakana, nikakibana kwenye kibano, nikachukua msumeno wa chuma. Mabawa sita niliyakata moja moja. Mawili yalinimalizia meno ya msumeno. Bomba nililipiga msasa, nikalirudisha kazini, na kufikia saa saba mchana lilikuwa limebeba kiti cha toleka ya papa mmoja, mzee anayepeleka watu soko kuu. Nikaona nimemwokoa mdogo wangu.

Alirudi saa kumi. Nilimsikia akiinama, gunia likivutwa. Akatoka uani na shati mkononi.

"Yaya, kitu yangu iko wapi?"

"Kitu gani?"

"Usinichezee. Rungu."

"Bon, sasa lina jina. Liko sokoni, limekaliwa na abiria."

Alinitazama, akatazama mikono yangu yenye unga mweusi. Akakaa chini pale pale kwenye udongo, mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu, akashika kichwa.

"Umekata travail yangu, kazi ya kumaliza chuo, na msumeno. Ninaitetea mbele ya walimu Alhamisi, yaya. Alhamisi saa nne!"

"Droit inatetewa kwa nondo?"

Dada alikuwa amefika mlangoni na kikapu chake. Yeye ndiye aliyejibu, si yule.

"Haiko droit. Iko histoire. Miaka miwili sasa."

Sijui ni nini kilichoniuma zaidi, kwamba alihama bila kuniambia au kwamba dada alijua. Walianza kusema wote wawili. Mwaka wa kwanza wa sheria alishindwa kuupenda. Akahamia historia. Aliogopa uso wangu. Kazi yake ya mwisho ilikuwa juu ya silaha za kupondea za Ulaya ya zama za kati: zilitoka wapi, ziligawanyika vipi, kwa nini. Mwalimu wake alimwambia kwamba wanafunzi wote huleta picha, na picha haina uzito. Ndiyo maana alikwenda kwa mhunzi mmoja wa njia ya Masako akatengenezewa kimoja.

"Na ulitaka kunionyesha lini?"

"Kisha ya kupita mtihani," akasema. "Ningekuja na karatasi ya mhuri. Ungekasirika, lakini ungekasirika na mutu mwenye diplome."

Ilikuwa hadithi nzuri sana, na kila kitu kiliingia mahali pake, na mimi siamini kitu ambacho kila kipande chake kinaingia bila kugongwa. Kesho yake asubuhi nilipanda baiskeli hadi chuoni. Ubaoni, kwenye karatasi za droit, nilipitisha kidole majina yote ya mwaka wake. Hakuwemo. Kwenye karatasi za historia alikuwemo, wa tano kutoka juu, Alhamisi, saa nne. Nilimuuliza mlinzi wa ubao kama karatasi zile ni za kweli. Akaniuliza kama mimi ni mzima.

Niliporudi nilimkuta amekaa karakana, mbele ya sanduku la vyuma vizee, ameyapanga mabawa sita kwenye gazeti.

"Lete zile karatasi," nilimwambia. "Zote. Sikutengenezei kitu nisichokijua."

Kwa hiyo Jumanne na Jumatano mdogo wangu alinifundisha rungu, na mimi nikampinga kila hatua. Alianza na mti mtupu, kichwa kinene cha mzizi, ambao kila taifa limekuwa nao. Wamisri wa kale wakatia kichwa cha jiwe, wengine wakasubu shaba, kisha chuma. Watu walipoanza kuvaa nguo za pete za chuma, na baadaye mabamba, upanga ukawa unateleza. Ndipo mafundi wakarudi kwenye kupiga. Kichwa cha mviringo kinatawanya nguvu. Kichwa cha mabawa kinaikusanya yote kwenye ukingo mmoja mwembamba, na bamba linabonyea.

"Kama nyundo ya upande wa patasi," nikasema.

"Ndiyo! Vile vile."

"Endelea. Huyu wa mnyororo?"

"Huyo watu wengi wanamuonyesha katika picha, mupira wa miiba na mnyororo fupi. Lakini wenye kuchunguza wana mashaka. Vingi vya vile vinavyowekwa kwenye makumbusho vinaonekana vilitengenezwa baadaye sana, kwa kutisha wageni."

Niliacha msumeno. "Kumbe nao hawaamini?"

"Nani?"

"Watu wa histoire."

"Yaya, hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Nikaendelea kukata, lakini nilikata nikifikiri.

Baada ya chakula alinisomea kwamba, kwa masimulizi ya wengi, maaskofu waliokwenda vitani walibeba rungu kwa kuwa dini iliwakataza kumwaga damu.

"Nani alisema?"

"Inasemwa."

"Mtu akigongwa chuma cha kichwa damu haitoki? Yule wa toleka aliyeanguka darajani mwaka jana, alipiga kichwa kwenye chuma cha pembeni tu. Mimi ndiye niliyeosha baiskeli yake."

Akakuna shingo. "Hata mwalimu wangu haikubali. Anasema ushahidi ni mudogo."

"Basi mwalimu wako ni mutu wa maana. Weka mstari hapo: haiaminiki."

Aliweka mstari kweli.

Ugomvi mkubwa ulikuja kwenye uzito. Karatasi zake mwenyewe zilisema rungu la mpanda farasi lilikuwa na kilo moja, moja na nusu, si zaidi sana. Lile nililolikata lilikuwa karibu na kilo nne. Mhunzi wa njia ya Masako alikuwa amemwambia kwamba chuma ya vita lazima iwe nzito, ionekane, na yeye akakubali kwa sababu nzito ilionekana ya kweli. Nilimwambia achukue nyundo yangu kubwa aizungushe mara kumi juu ya kichwa. Mara ya sita aliiweka chini.

"Sasa panda farasi," nikasema, "na mwingine anakuja na lake."

Dada alicheka hadi akashika mlango. "Atakufa ya uchovu mbele ya adui kufika!"

Nilipunguza mabawa upana na unene. Mpini niliutoa kwenye fremu iliyopinda, bomba jembamba zaidi, nikakaza ncha ya chini kwa pete ili mkono usiteleze. Mchomeleaji wa jirani alinikopesha moto. Nilipanga mabawa kwa kamba ya kipimo ili yasivutane upande mmoja, kama ninavyopanga spoki. Jumatano jioni tulilitundika kwenye mizani ya ndoano ya dada, mahali pa samaki. Kilo moja na robo tatu. Mdogo wangu alilizungusha mara moja, likalia hewani kwa sauti nyembamba, na sote watatu tukarudi nyuma. Lile la kwanza lilikuwa linatisha kwa macho. Hili lilitisha mkononi. Usiku ule nililiweka chumbani kwangu, si kwake.

Alhamisi nilimbeba mwenyewe, kama abiria. Alivaa tai ya baba. Rungu lilikuwa kwenye gunia, nimelifunga mbele kwenye usukani, kwa sababu kama mtu angekamatwa nalo nilitaka awe mimi. Tulipita vizuri hadi kwenye kizuizi cha polisi kilichowekwa wiki ile kwa ajili ya wale vijana wa nondo. Polisi mmoja mnene, mwenye fimbo yake nyeusi ya mpira kiunoni, alishika usukani.

"Ndani iko nini?"

"Kazi ya masomo, chef."

Akafungua. Akaliangalia kwa muda mrefu, kisha akamwita mwenzake, wakaliangalia wote wawili.

"Masomo ya wapi inafundisha kupasua watu?"

"Ni rungu la Ulaya, chef," mdogo wangu akaeleza. "La zama za kati. Mbele ya bunduki kuja."

"Donc, arme. Silaha."

"Mfano wa arme."

"Huu mufano, unaweza kuua ao hauwezi?"

Mdogo wangu alifikiri, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali. "Unaweza," akasema.

Pale nikaona kwamba miaka miwili ya kunidanganya haikumfundisha kusema uongo mahali unapohitajika. Polisi alilitia rungu kwapani. Saa ilikuwa tatu na dakika arobaini. Alisema twende wote watatu kwa mkubwa wake, na mkubwa wake angefika mchana. Bila rungu, mdogo wangu angesimama mbele ya walimu wake na maneno matupu, na bila yeye mwenyewe asingesimama mtu.

"Chef," nikasema, "mwache aende nalo. Nitabaki mimi. Akirudi na karatasi ya chuo yenye mhuri, utajua kama tulisema kweli."

"Na kama harudi?"

"Mimi ni mkubwa wake."

"Hiyo haiko jibu."

"Kwetu ni jibu."

Polisi wa pili akacheka. "Mwache, chef. Mutu anayejitoa hivi, ao iko mukweli, ao iko mujinga. Wote wawili hawakimbie."

Wakamwacha. Aliondoka kwa baiskeli yangu, gunia mgongoni, tai ikipepea begani, na hakugeuka. Nilitaka ageuke.

Nikakaa kwenye benchi lao chini ya bati. Saa nne ilipita. Saa sita ilipita. Mvua ikanyesha na kuacha. Wale polisi walinichokoza kwa zamu.

"Papa, leki yako, huyu mudogo yako, amekwisha kupita kambi ya Kapalata. Kesho tutasikia amekuwa kanali!"

Nilicheka nao, lakini akili yangu ilikuwa inafanya kazi yake ya siku zote. Jina lile ubaoni: mjini kuna wangapi wenye jina kama letu? Dada alicheka haraka mno siku ile. Je, na mengine anayajua? Mhunzi wa Masako sikumwona kwa macho yangu. Na ni mimi, kwa mikono yangu, niliyekifanya kile chuma kuwa chepesi, chenye mizani nzuri, kinachofaa kweli. Nilikumbuka alivyouliza mara mbili kama bawa litastahimili pigo. Saa nane nilikuwa nimekwisha kumhukumu, nikamsamehe, nikamhukumu tena. Nilichoogopa hakikuwa jela ya polisi. Niliogopa kwamba jioni ingeingia, na nyumbani tungebaki watu wawili ambao hawawezi kuulizana kitu.

Alitokea saa tisa kasoro, akikanyaga kwa nguvu, suruali imerukiwa matope hadi magotini. Gunia lilikuwa tupu.

"Chuma kiko wapi?" polisi mnene akauliza kabla yangu.

"Wamekikamata."

"Nani?"

"Walimu wa jury. Wanasema kibaki kwenye fakilte, kionyeshwe wengine." Akatoa karatasi ndani ya shati, kifuani, mahali pakavu. Polisi aliisoma yote, akapitisha kidole gumba juu ya mhuri kuona kama unaacha wino. Nikampenda kwa hilo.

"Distinction. Amepita vizuri sana," akasema. "Bon. Papa, twala, beba mutoto yako. Na wewe, mwaka kesho soma kitu ya vitabu tu."

Niliichukua karatasi. Jina, idara, siku, mhuri, sahihi tatu. Niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama, naye alisubiri bila kuniharakisha, akivuta pumzi. Kisha nikampa mkono kama anavyopewa mtu mzima, naye akauvuta akaniangukia begani mbele ya polisi.

Njiani, akiwa nyuma yangu kwenye kibao, alinisimulia. Mwalimu mmoja alilipima rungu mkononi na kuuliza kwa nini ni jepesi kuliko alivyotarajia. Alijibu kwa hoja ya nyundo na farasi. Wakauliza hoja imetoka kitabu gani. Akasema imetoka kwa kaka yake, fundi wa baiskeli, na kwamba ndiye aliyelitengeneza, na wale walimu waliandika kitu.

"Waliandika nini?"

"Sikuona."

"Mm," nikasema.

Nilikanyaga. Yalikuwa maneno matamu, na mtu aliyepita mtihani akiwa amebebwa na kaka yake anaweza kumpa maneno matamu bila ubaya wowote. Jumatatu nilifunga karakana saa nne, nikaenda chuoni peke yangu. Mwanamke wa ofisi ya idara aliniuliza ninamtafuta nani. Nikasema natafuta rungu. Akanielekezea kwa kalamu, juu ya kabati, kati ya globu na rundo la majarida. Lilikuwa limelazwa kwenye ubao, limefungwa kijikaratasi kwa uzi kwenye shingo. Nilimwomba ruhusa nisogee. Kiliandikwa kwa mashine: aina ya silaha, karne, mahali, jina la mdogo wangu. Mstari wa mwisho ulikuwa wa kalamu, mwandiko wa mtu mzee: limetengenezwa na kaka wa mtahiniwa, fundi.

Nilisimama pale hadi yule mwanamke akaniuliza kama kuna kosa.

"Hapana," nikasema. "Alisema kweli."